Hazina na Amri: Mpango wa Majeshi ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki, 1902–1964

Tarehe 1 Januari, 1902, vikosi vya askari vilivyolinda nchi za himaya ya Uingereza katika upande huu wa Afrika viliunganishwa kuwa jeshi moja, likapewa jina la King's African Rifles. Wenyeji hawakulitumia jina hilo refu. Walizichukua herufi zake tatu, K.A.R., wakazitamka kwa namna yao, na tangu hapo askari wa jeshi hilo akajulikana kuwa ni askari wa Keya. Habari za mapigano ya Keya zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Lakini ziko habari nyingine zilizoandikwa kwa uchache, nazo ni habari za daftari la hesabu: nani aliliamrisha jeshi hilo, nani alililipia, na katika mambo yaliyogombea fedha hizo ni lipi lililotangulizwa na lipi lililoachwa nyuma. Mambo yakifuatwa kwa taratibu tangu 1902 mpaka 1964, huonekana kwamba kila mlipaji alipobadilika, mpango wa amri nao ulibadilika. Na kwamba katika mabadiliko hayo yote mshahara na cheo cha askari mwenyewe vilifikiriwa mwisho.

Jeshi la 1902 lilikuwa na batalioni sita. Ya kwanza na ya pili zilitoka katika nchi iliyoitwa baadaye Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ya tatu ilikuwa ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya. Ya nne na ya tano zilikuwa za Uganda, na hiyo ya tano ilikuwa ya askari wa Kihindi. Ya sita ilikuwa ya Somali ya Kiingereza. Kwa jina lilikuwa jeshi moja, lakini kwa hazina yalikuwa majeshi manne, kwa maana kila nchi ilitakiwa kuwalipa askari wake kutoka katika mapato yake yenyewe. Juu yao aliwekwa Mkaguzi Mkuu, na wa kwanza alikuwa William Manning. Yeye alikuwa na haki ya kukagua, kuandika taarifa na kutoa shauri. Hakuwa na mamlaka ya kuwaamrisha askari waliokuwa chini ya serikali ya nchi fulani, maana katika kila nchi amri kuu ilikuwa mkononi mwa mtawala wake. Nchi hizo zilipotolewa katika Wizara ya Mambo ya Nje na kutiwa katika Wizara ya Makoloni, mpango huo haukubadilika.

Basi amri ilikuwa kwa yule aliyekuwa na mfuko, na mfuko ulikuwa mwembamba. Mkono mtupu haulambwi, na serikali hizo changa, ambazo zilikuwa zikipewa msaada wa fedha kutoka London kila mwaka, ziliona askari kuwa ni gharama isiyozaa. Batalioni ya tano ilivunjwa mwaka 1904. Batalioni ya pili ilivunjwa mwaka 1911, na sababu kubwa ilikuwa kupunguza matumizi. Askari waliofundishwa kwa miaka mingi wakapewa ruhusa ya kwenda zao, na baadhi yao wakavuka mpaka wakaingia katika jeshi la Wadachi, ambako mshahara ulikuwa mkubwa zaidi.

Yafaa kutaja hapa kwamba jambo moja lililounganisha vikosi hivyo halikugharimu hazina kitu kikubwa, nalo lilikuwa lugha. Vyeo vya mwanzo, kama vile ombasha na shaushi, vililetwa na askari wa Kisudani ambao asili yao ya kazi ilikuwa jeshi la Misri, na maneno hayo yalikuwa ya Kituruki kabla ya kuingia makambini. Lakini lugha ya amri iliyoenea zaidi ilikuwa Kiswahili, hata kati ya askari ambao hawakuwahi kuiona pwani. Kiswahili hicho cha makambi kilikatwa ngeli zake na kufupishwa sana, hata watu wakakiita KiKAR. Katika batalioni za Nyasaland kilitumika Kinyanja pia. Ofisa wa Kiingereza alitakiwa kujifunza lugha ya askari wake, na kwa njia hiyo Keya ilikuwa shule kubwa ya kueneza Kiswahili bara, ijapokuwa hakuna aliyeiandikia shabaha hiyo katika makisio ya fedha.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, zenye kombania 21 na askari Waafrika karibu 2,300, nao walikuwa wametawanyika tangu mipaka ya Somali mpaka Nyasaland. Kwa kuwa hapakuwa na jeshi la kutosha hapa, majeshi yaliletwa kutoka Bara Hindi, na uongozi wa vita ukawa katika Wizara ya Mambo ya India. Majeshi hayo yaliposhindwa vibaya Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, uongozi ulihamishiwa Wizara ya Vita. Hata hivyo Keya haikupanuliwa upesi. Walowezi wengi hawakupenda kuona Waafrika wengi wakifundishwa bunduki, na wakuu wa London walidhani kwamba askari wa Afrika ya Kusini, walioongozwa na Jenerali Smuts tangu Februari 1916, wangevimaliza vita kwa miezi michache. Malaria na kuhara viliwaangusha maelfu, na ndipo ikaonekana kwamba vita vya nchi hii havipiganiki bila ya watu wake. Kufikia Novemba 1918 batalioni za Keya zilikuwa 22, na askari Waafrika walikuwa zaidi ya 30,000. Wakati huu mlipaji alikuwa London, na jeshi ambalo makoloni hayakuweza kulilisha likaongezeka zaidi ya mara kumi.

Lakini nyuma ya askari hao walikuwapo wapagazi, waliobeba unga, risasi na majeruhi katika nchi isiyo na barabara. Jina la kikosi chao limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Wengi wao hawakuingia vitani kwa hiari yao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, ilionekana kwamba mishahara ya wengi katika hao waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa majina hayakuandikwa vizuri na jamaa zao hawakupatikana. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba kwamba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Hazina ya London ilikataa. Katika mabishano hayo ya miaka mingi hapakuwa na aliyesema kwamba kazi haikufanywa. Lililobishaniwa lilikuwa ni daftari gani litakalobaki na fedha hizo.

Baada ya vita mambo yalirudi kama yalivyokuwa kabla ya 1914. Wizara ya Vita iliondoka, na makoloni yakarudishiwa askari na gharama zao. Tanganyika iliingia katika mpango huu kwa masharti ya Shirikisho la Mataifa, yaliyokataza kuwafundisha wenyeji kazi ya jeshi isipokuwa kwa polisi na ulinzi wa nchi yao. Katika miaka ya 1930, bei ya mazao ilipoanguka na mapato ya serikali kupungua, vikosi vilipunguzwa tena. Batalioni ziligawanywa katika brigedi mbili, ya kaskazini na ya kusini, ili ziweze kuamrishwa pamoja ikiwa vita vitatokea. Mwaka 1939 jeshi lote lilikuwa na batalioni sita na askari Waafrika wasiofika 3,000, ambao kazi yao ilikuwa kulinda nchi kubwa zaidi ya Uingereza mara kadha wa kadha, huku Mwitalia akiwa Uhabeshi na Somalia.

Septemba 1939 Wizara ya Vita ilichukua tena uongozi wa Keya. Makoloni yalichangia, lakini mzigo mkubwa wa gharama ulikuwa wa London. Kwanza majeshi ya hapa yalikuwa chini ya wakuu waliokuwa Misri, nayo, yakiongozwa na Jenerali Alan Cunningham, yalipita Somalia kwa haraka yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, 1941. Ushindi huo ulileta shida mpya ya mpango. Mkuu aliyekaa Cairo alikuwa na vita vya jangwani mbele yake. Hakuweza kuangalia pia bandari ya Mombasa, njia za bahari ya Hindi, na nchi zilizotekwa. Kwa hiyo, Septemba 1941, iliundwa Kamandi ya Afrika ya Mashariki, makao yake makuu Nairobi, chini ya Jenerali William Platt, nayo ikapokea amri kutoka Wizara ya Vita moja kwa moja. Eneo lake lilitoka Somalia na Uhabeshi mpaka Nyasaland na Northern Rhodesia.

Hii ndiyo mara ya kwanza ambapo nchi hizi zilikuwa na kamandi iliyo kamili. Chini yake hapakuwa na batalioni za miguu peke yake. Palikuwa na vikosi vya mizinga, wahandisi, waendesha magari, watu wa simu, waganga, na maelfu ya askari wa kazi za mikono. Palikuwa na shule za kufundishia, na magazeti ya Kiswahili kwa ajili ya askari, kama Askari na Heshima. Katika miaka ya vita Kenya ilitoa watu karibu 98,000, Tanganyika karibu 87,000, na Uganda karibu 77,000. Walikwenda Madagaska mwaka 1942, na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikiteremka bonde la Kabaw katika mvua kubwa mpaka ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki walizama baharini tarehe 12 Februari, 1944, meli yao Khedive Ismail ilipopigwa na manowari ya Kijapani.

Watu hao hawakupatikana bila ya kugombewa. Mashauri ya kugawanya nguvu za watu yalipitia katika Mkutano wa Magavana, ambao ulitakiwa kupima mahitaji ya jeshi, ya mashamba na ya chakula. Mjapani alipoiteka Malaya, Java na Filipino mwaka 1942, Uingereza na Marekani zilikosa kamba na nyuzi za huko, na mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha vita kama risasi. Kijana aliyefaa kuwa askari alifaa pia kukata mkonge, na serikali ikatumia sheria kuwalazimisha watu kufanya kazi mashambani. Hivyo kamandi ilijifunza jambo ambalo halikuwa katika vitabu vya vita: katika nchi maskini, kila askari anayeandikwa ni mkulima au mfanyakazi aliyeondolewa mahali pengine, na gharama yake haionekani yote katika hesabu za jeshi.

Vita vilipokwisha, Kamandi haikuvunjwa. Bara Hindi lilipata uhuru mwaka 1947, na Uingereza ikapoteza jeshi kubwa ambalo kwa miaka mingi lilitumwa kila upande wa bahari ya Hindi. Wapangaji wa London wakaitazama Afrika ya Mashariki kuwa mahali pa kuweka ghala na askari wa akiba. Mwaka 1947 ilianzwa kazi ya kujenga ghala kubwa la vifaa vya vita huko Mackinnon Road, katika nyika ya nyuma ya Mombasa. Baada ya miaka michache kazi hiyo iliachwa. Mahali palipotengenezwa kwa ajili ya ulinzi wa himaya nzima paligeuzwa baadaye kuwa kambi ya kuwafungia Waafrika wa Kenya wakati wa Hali ya Hatari.

Hali hiyo ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, iliijaribu Kamandi kwa namna mpya. Adui hakuwa ng'ambo ya mpaka. Alikuwa raia wa nchi yenyewe, aliyedai ardhi na uhuru. Mwezi wa Juni 1953 Jenerali George Erskine alikuja kuiongoza Kamandi, nayo ikatolewa chini ya wakuu wa Mashariki ya Kati, ikawekwa tena chini ya Wizara ya Vita. Ila polisi na watawala wa wilaya walibaki chini ya Gavana, na kwa muda amri ilikuwa na vichwa viwili. Mwezi wa Machi 1954 liliundwa Baraza la Vita la watu wachache, ambalo Gavana Evelyn Baring na Jenerali Erskine waliketi pamoja na mwakilishi wa walowezi, Michael Blundell. Mwafrika hakuwamo. Gharama ya Hali ya Hatari ilifikia karibu pauni milioni 55, nazo zilitoka katika hazina ya Kenya na hazina ya Uingereza. Fedha zilizokosekana kwa shule na ardhi zilipatikana kwa magereza na ndege za vita, na jambo hili halikusahauliwa na watu waliozipokea nchi hizi miaka michache baadaye.

Uasi ulipokuwa umekwisha kuvunjwa, London ilitaka kuupunguza mzigo wake. Tarehe 1 Julai, 1957, batalioni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilirudishwa kwa serikali za nchi hizo, chini ya mpango wa pamoja ulioitwa Majeshi ya Nchi Kavu ya Afrika ya Mashariki. Batalioni za Nyasaland hazikuwamo tena, kwa sababu zilikwisha kuingizwa katika jeshi la Shirikisho la Afrika ya Kati. Wakati huo kiliwekwa cheo cha effendi, kilichokuwa juu ya shaushi lakini chini ya ofisa wa Kiingereza. Hapo Keya ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka hamsini, na hakuna askari wake Mwafrika aliyekuwa amefikia uofisa kamili kwa kupanda ngazi yake. Cheo cha effendi kilikuwa na heshima, lakini kilikuwa pia njia rahisi ya kupata viongozi bila ya gharama ya kuwapeleka watu katika vyuo vya maofisa.

Mpango wa 1957 haukudumu. Serikali zilizokuwa zikidaiwa shule, hospitali na barabara na wabunge wapya wa Kiafrika hazikuweza kulibeba jeshi pia. Mwaka 1960 Uingereza iliichukua tena gharama ya batalioni hizo, na amri ikafuata. Katika wakati huo huo ilikuwa imejenga kambi kubwa Kahawa, karibu na Nairobi, kwa ajili ya Brigedi ya 24, ambayo ilikuwa ya askari wa Kiingereza. Shabaha ya brigedi hiyo ilijulikana mwezi wa Julai 1961, Irak ilipoidai Kuwait: askari kutoka Kenya walirushwa kwa ndege mpaka Ghuba. Kwa hiyo ndani ya Kamandi moja palikuwa na majeshi mawili yenye makusudi mawili. Moja lilitazama mafuta na njia za bahari, na majumba yake yalikuwa mapya. Jingine lilikuwa la wana wa nchi, nao walikuwa wakingoja kuona uhuru utawaletea nini.

Uhuru ulikuja haraka kuliko walivyodhani wapangaji. Desemba 1961 batalioni mbili za Tanganyika zikaitwa Tanganyika Rifles. Oktoba 1962 batalioni ya nne ikawa Uganda Rifles. Desemba 1963 batalioni tatu za Kenya zikawa Kenya Rifles, na mwezi huo huo Kamandi ya Afrika ya Mashariki ilifungwa. Bendera zilibadilika, beji za kofia zilibadilika, lakini maofisa wakubwa waliendelea kuwa Waingereza, na mshahara ulifuata viwango vya zamani. Serikali mpya zilikuwa na haja nyingi zilizotangulia jeshi, na hapana shaka haja hizo zilikuwa za haki. Lakini jeshi walilolirithi lilikuwa limejengwa kwa desturi ya kumweka askari mwisho, na desturi hiyo ilikuwa imefika ukingoni.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliasi. Waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza, wakadai maofisa Waafrika na mshahara wa shilingi 260 kwa mwezi badala ya 105. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kuzungumza nao. Siku ya pili askari wa Tabora nao waliasi. Tarehe 23 wakafuata wa Jinja, na tarehe 24 wa Lanet. Tarehe 25 askari wa majini wa Kiingereza, walioitwa na serikali ya Tanganyika, walishuka kutoka manowari Centaur wakayamaliza maasi ya Colito kwa muda mfupi. Ilikuwa uchungu mkubwa kwa nchi huru kulazimika kuwaita wale waliokwisha kuondoka, na Mwalimu Julius Nyerere hakuificha fedheha hiyo.

Namna serikali tatu zilivyojibu yafaa kuzingatiwa, maana kila moja ilijibu swali lile lile la mwaka 1902 kwa njia yake. Uganda iliongeza mishahara, ikawapandisha vyeo askari wake, na jeshi likajifunza kwamba kudai kwa bunduki kuna faida; matunda ya somo hilo yalionekana tarehe 25 Januari, 1971. Kenya iliwapeleka waasi mbele ya mahakama ya kijeshi, ikaivunja batalioni yao, na ikadumisha mapatano yake na Uingereza. Tanganyika ililivunja jeshi lote, ikaanza upya kwa vijana waliochaguliwa katika chama na Jeshi la Kujenga Taifa, huku askari wa Nigeria wakiilinda nchi kwa muda. Tarehe 1 Septemba, 1964, Jeshi la Wananchi lilizaliwa, mkuu wake akiwa Mirisho Sarakikya.

Hivyo kamandi moja ilikwisha na majeshi matatu yakatokea, kila moja na hazina yake na mkuu wake wa nchi. Kwa miaka 62 maofisa wa London na Nairobi walipanga na kupangua: makoloni yalipe au Hazina ya Uingereza ilipe, amri itoke kwa Gavana au Wizara ya Vita, makao yawe Cairo au Nairobi. Mipango hiyo mingi iliandikwa na watu hodari, na mara kadha ilishinda vita. Lakini katika hesabu zao zote askari wa Keya aliandikwa kama gharama inayofaa kupunguzwa vita vinapokwisha. Mpagazi wa 1917 ambaye mshahara wake ulibaki London hakuwa na njia ya kuudai. Askari wa Colito alikuwa nayo, na ndiyo maana swali la mlipaji, lililokuwa limejibiwa kwa barua kwa zaidi ya nusu karne, lilijibiwa mara hii kwa bunduki kambini.